Dishon Mbuvi Nzioka, Mlezi wa Nondo (1926–1987)

Mzee Dishon Mbuvi Nzioka, ambaye tumekusanyika hapa Giakanja leo Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1987, kumzika, alizaliwa mwaka wa 1926 huko Kilungu, Machakos. Mwezi hakuujua hasa. Mamake alimwambia tu kwamba kunde zilikuwa zimetoa maua. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Nzioka na Mama Kasyoka, na mvulana wao wa pekee.

Babake alifuga nyuki. Siku moja, Dishon akiwa na umri wa miaka sita, babake aliweka sikio kwenye mzinga uliokuwa umetundikwa mtini, akamwita. "Njoo usikilize. Ameingia mwizi." Ndani ya mzinga mlikuwa na mlio mwembamba, usio wa nyuki. Mzee Nzioka alifungua kifuniko akamtoa nondo, kipepeo wa usiku, mkubwa, wa rangi ya kahawia na manjano, aliyekuwa amefuata asali. Mgongoni nondo huyo alikuwa na alama iliyofanana na uso wa mtu, na hata mkononi aliendelea kulia. Dada zake Dishon walikimbia. Yeye alinyoosha mikono yote miwili akasema, "Nipe mimi." Babake alimwambia kwamba huyo ni mdudu wa kuuawa. Dishon alimwomba amwachie walau mpaka jioni, na jioni akasema ametoroka. Uongo huo aliukiri kwa babake miaka ishirini baadaye, wakacheka.

Alisoma katika shule ya misheni huko Kilungu kuanzia 1937 hadi 1945. Alikuwa hodari wa hesabu na mwandiko wake ulikuwa mzuri, lakini alichapwa mara nyingi kwa sababu ya viwavi aliowafuga ndani ya dawati. Baada ya hapo alipata mafunzo ya kilimo kwa miaka miwili, na mwezi wa Machi 1950 akaletwa Nyeri kuwa msaidizi katika ofisi ya kilimo. Hakuwa na ndugu wala jamaa mjini. Lugha ya Gikuyu alijifunza sokoni.

Kazi yake ilikuwa hii: mkulima akiona mdudu shambani, anamleta ofisini ndani ya mkebe. Wakubwa walitaka kujua ni mdudu gani, na kiwavi hawezi kujulikana vizuri mpaka ageuke na kutoa mabawa. Kwa hiyo Dishon aliwapeleka viwavi nyumbani kwake katika nyumba za serikali, akawaweka kwenye masanduku ya mbao yenye wavu, akawalisha majani ya mmea ule ule walikotoka. Alingoja na kuandika. Vipepeo weusi wenye madoa ya manjano walitoka kwenye majani ya ndimu, na nondo wa kijivu kwenye kabichi. Kila aliyetoka alichorwa, akaandikwa tarehe, kisha dirisha likafunguliwa. Alifanya hivyo miaka yote ya hali ya hatari, na aliendelea baada ya Uhuru, alipopandishwa cheo mwaka wa 1964.

Mwezi wa Oktoba 1956 msichana wa Giakanja aliyeitwa Gathoni Theuri aliingia ofisini na mkebe. Ndani yake mlikuwa na kiwavi mnene kuliko kidole gumba, wa manjano, mwenye mistari ya samawati ubavuni na pembe mkiani. Alikuwa amemtoa kwenye viazi vya mamake, na alitaka dawa.

"Dawa nitakupa," Dishon alimwambia. "Lakini huyu usimwue. Rudi baada ya wiki sita nikuonyeshe atakuwa nani."

"Ati nitembee kutoka Giakanja nije kuona mdudu?"

"Si lazima. Lakini ukikosa kuja, mimi nitajua na wewe hutajua."

Gathoni alirudi. Kiwavi alikuwa amejizika udongoni na kugeuka kitu kigumu, laini juu, kama kokwa la tunda. Dishon aliliweka kwenye kiganja cha msichana, na lile kokwa, ambalo halikuwa na mdomo wala miguu, likalia. Gathoni alipiga kelele lakini hakuliangusha. Dishon alisema kila mara kwamba aliamua kuoa dakika ile. Kokwa lilipofunguka, alikuwa nondo yule yule wa mizinga ya babake.

Watu wa Gathoni hawakufurahia kumtoa binti yao kwa mtu wa kutoka mbali, lakini wawili hao walifunga ndoa kanisani Nyeri tarehe 13 Desemba 1958. Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya nyumba yao, kwa kuwa ndicho walichokuwa nacho wote wawili. Walijaliwa watoto watatu: Kasyoka mwaka wa 1959, Theuri 1962 na Wachuka Januari 1968. Mtoto wa kwanza alipewa jina la mamake Dishon. Gathoni alipouliza maana yake, aliambiwa, "Ni yule aliyerudi." Na kwa sababu ya jina hilo, Dishon hakuwahi kumwita mtoto huyo kwa njia nyingine ila "mama". Kasyoka akiita, babake hujibu, "Naam, mama."

Kasyoka aliandika kwa mkono wa kushoto. Alipofika darasa la pili babake alimpa sanduku lake mwenyewe la nondo wa viazi, na daftari. Kwenye wavu alibandika karatasi: USIGUSE. NI ZA KASYOKA. Ndani ya daftari aliandika kila siku kwa herufi kubwa za mviringo zinazolalia upande: "Leo wamekula majani 14. Mmoja amevua ngozi. Mmoja ananiogopa."

Jumamosi tarehe 11 Mei 1968, mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Viazi vya karibu na nyumba vilikuwa vimepigwa dawa ya ukungu, na majani safi yalikuwa ng'ambo ya Mto Chania, mahali pa kuvukia pakiwa gogo moja. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Dishon alimwambia Kasyoka asivuke. Majani angeyaleta mwenyewe saa saba. Aliporudi saa saba na kikapu mkononi, hakumkuta. Alishuka mtoni mbio. Alimpata kwenye kona ya pili ya mto kutoka kwenye gogo, amenaswa na mizizi, naye ndiye aliyemtoa majini. Wanaume wengine, wakiongozwa na Mzee Nderitu, baba mdogo wa Gathoni, walifika baadaye kidogo wakamkuta Dishon ameketi kwenye matope, amempakata.

Ilisemwa kwamba babake ndiye aliyemtuma majani. Yeye hakukana.

Kesho yake, Jumapili, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, Dishon alionekana akivuka gogo lile lile na kisu na kikapu. Alikata majani ya viazi, akarudi, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu, akaingia chumba cha nyuma kulisha viwavi wa Kasyoka. Hili ndilo watu hawakumsamehe. Mzee Nderitu alisimama uani akasema kwa sauti, "Huyu mtu amelisha wadudu mtoto wetu, na bado anaendelea kuwalisha." Maneno hayo yalifika Giakanja kabla ya jioni. Mengine yaliongezwa njiani, ya uchawi na ya kwao Ukambani, ambayo hayafai kurudiwa hapa. Kasyoka alizikwa Jumatano tarehe 15 Mei katika makaburi ya mjini Nyeri. Alikuwa na umri wa miaka minane na miezi sita.

Viwavi wale walijizika udongoni wiki iliyofuata, wote tisa. Gathoni hakuingia chumba cha nyuma tena. Alikuwa na mtoto wa miezi minne, na maziwa yake yalikuwa yamepungua. Tarehe 2 Julai, jua likiwa linatua, alikuwa jikoni akisonga ugali, akasikia mlio mwembamba ukitoka chumba kile, kama mtoto aliyefunikwa blanketi. Ulikoma, ukaanza tena. Kisha akasikia sauti ya mumewe, ya kawaida kabisa, ikijibu: "Naam, mama."

Gathoni aliachia mwiko. Siku nne baadaye aliwachukua Theuri na Wachuka akarudi kwa mamake Giakanja.

Dishon aliishi peke yake miezi kumi na minne. Hakukosa kazini hata siku moja. Jumapili moja kila mwezi alitembea hadi Giakanja akiwaletea watoto mkate, akaketi uani kwa wakwe zake bila kukaribishwa ndani, kisha akarudi mjini kwa miguu. Nyumbani, nondo wa kwanza walitaga, mayai yakaanguliwa, na uzao mwingine ukafuata. Majirani walisema wanamsikia akizungumza. Walisema pia kwamba wakipita dirishani wanaona daftari la mtoto limefunguliwa mezani, na kwamba kurasa zinaendelea kujaa.

Jumapili moja ya Agosti 1969 Gathoni alikwenda nyumbani kwa mumewe mjini kuchukua cheti cha kuzaliwa cha Theuri, aliyetakiwa kuanza shule. Ilikuwa saa nne asubuhi. Aliona daftari, akalifungua. Baada ya tarehe 10 Mei 1968 kulikuwa na tarehe 12 Mei, na 13, na kuendelea, bila kuruka siku, mwaka mzima na zaidi, kwa herufi zile zile kubwa za mviringo zinazolalia upande. "Leo wamekula majani 20. Leo wameingia udongoni. Leo mmoja ameita." Alishika meza. Jina la mtoto lilimjia na maana yake, na kwa muda hakuthubutu kugeuka nyuma.

Alipogeuka, ni Dishon aliyekuwa mlangoni na kikapu. Aliketi, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mtu anayejifunza kuandika, akaanza mstari wa siku hiyo.

"Unafanya nini, Baba Kasyoka?"

"Ninamwandikia. Hakupenda kuruka siku."

"Na huo mkono?"

"Nikitumia ule mwingine, haikai kama yake."

Gathoni alimtazama mpaka mstari ulipokwisha. Alikuwa amekonda, kola ya shati ilimzidi shingo, na kwenye nywele zake kulikuwa na ule unga wa mabawa ya nondo ambao hautoki kwa kupangusa. Kulikuwa na jambo alilotaka kumwambia. Lilimfika mdomoni, akalimeza. Alisema tu, "Umekula?" Akawasha jiko. Mwezi uliofuata alirudi na watoto. Hakuwahi kumwomba awatoe nondo. Aliishi na mlio ule miaka kumi na minane, na kila uliposikika aliacha alichokuwa akifanya, akasimama wima mpaka uishe.

Dishon aliacha kuandika kwa mkono wa kushoto siku daftari lilipojaa, tarehe 3 Desemba 1969. Hakununua jingine.

Mwaka wa 1974 walihamia hapa Giakanja, kwenye ekari mbili hizi, na alistaafu mwaka wa 1981. Shule za karibu zilileta wanafunzi kuona vipepeo wakitoka. Alikuwa mwalimu mzuri, mpole, asiyechoka kuulizwa. Mwalimu mmoja mgeni, Wahome, aliwahi kumwambia mwanafunzi akimbie kuchuma majani ya ndimu nyuma ya nyumba. Dishon alimshika mtoto bega, akamrudisha kwenye benchi, akatoka mwenyewe. Wengi waliopita hapa wakiwa watoto watakumbuka kwamba hakumtuma mtoto jani hata siku moja. Mjukuu wake Ngendo, akiwa na miaka minne, alikuwa akiwaambia wageni kwa fahari, "Majani ni kazi ya Guka."

Kulikuwa na wengine hapa Giakanja waliowakataza watoto wao kuja. Kulikuwa na waliobadilisha upande wa njia. Alisalimia wote.

Marehemu alianza kuugua moyo na kifua mwezi wa Novemba 1985. Alitibiwa mjini Nyeri, na mara mbili huko Murang'a, akapata nafuu, akaendelea na masanduku yake. Mwezi wa Agosti mwaka huu hakuweza tena kutembea hadi shambani. Aliwaachilia wote waliokuwa na mabawa, akafunga madirisha mwenyewe. Tarehe 2 Septemba alilazwa.

Jumanne tarehe 8, saa ya kuona wagonjwa, Gathoni aliketi kando ya kitanda. Mwanawe Theuri, ambaye ndiye anayesoma haya, alikuwepo na alisikia.

"Baba Theuri," alisema, "kuna kitu sijawahi kukuambia. Ile siku ya mto, Kasyoka hakukaidi. Alikuja kwangu. Nilikuwa na Wachuka kwa maji, namwosha. Akasema viwavi wanazunguka sanduku, wako na njaa. Nikamfukuza. Akarudi. Mara ya tatu nikachoka, nikamwambia, nenda basi, chukua kisu yangu na urudi haraka. Ni mimi nilimtuma."

"Najua," Dishon alisema.

Gathoni alidhani amesikia vibaya, akainama karibu.

"Kisu yako alikuwa amejifunga nayo kiunoni, na kitambaa yako ya kichwa. Hakuna mtoto angegusa hiyo kisu kama hukumpa. Niliirusha mtoni kabla Mzee Nderitu hajafika. Kitambaa nikaweka mfukoni."

"Na ukanyamaza? Hii miaka yote wanasema ni wewe?"

Alipumua kwanza, kwa shida. "Mimi nilikuwa mtu wa kutoka mbali. Nikisemwa, Jumatatu naenda kazini. Wewe ulikuwa unanyonyesha, na hao ni watu wenu. Ungeenda wapi?" Kisha akaongeza, "Tena hao wadudu ni mimi nilileta kwa nyumba. Sikuona kama ni uongo."

Gathoni aliweka uso kwenye blanketi. Dishon aliweka mkono kichwani pake, ukakaa hapo mpaka kengele ya wageni ilipolia. Alifariki Ijumaa tarehe 11 Septemba 1987, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Mama amesema nyumba sasa iko kimya, na kwamba hajui kukaa ndani ya kimya hicho. Siku nzima anajikuta amesimama, anangoja mlio umalizike, na mlio haupo.

Ni yeye aliyeagiza maneno ya hospitalini yaandikwe hapa. Jumatano iliyopita, familia ilipokutana kupanga mazishi, wazee walishauri yafutwe, na Mzee Nderitu akasema ni mambo ya zamani, ya nyumbani, yasomewe familia peke yake.

Gathoni alimjibu akiwa amesimama. "Baba mdogo, alisemwa mbele ya watu. Hayo maneno yatatolewa mbele ya watu. Mkiyafuta, nitayasema mwenyewe kaburini, na mtanisikia."

Mzee Nderitu alivua kofia yake akaiweka magotini. Ana miaka themanini na moja. Alisema, "Basi na jina yangu iandikwe. Mimi nilisema kuliko wote." Limeandikwa. Ni yeye pia aliyeomba kuwa wa kwanza kushika jeneza kutoka mlangoni mpaka hapa, na tumeona alivyolishika.

Marehemu ameacha mjane, Gathoni Mbuvi, ambaye amesimama hapa mbele yenu. Watoto wawili, Theuri wa Nanyuki na Wachuka wa Nyeri. Mkwe mmoja, Watiri. Wajukuu watatu, Ngendo, Mbuvi na Kasyoka mdogo, aliyezaliwa mwezi wa Juni. Na dada zake wawili, Keziah na Ruth, waliosafiri kutoka Kilungu. Alitanguliwa na wazazi wake na binti yake.

Mungu ampokee Dishon Mbuvi Nzioka na kumpa usingizi mwema. Na sisi tuliomsema, tumwache alale.